Gari Halijaoshwa

Nilisikia kidole ukutani kabla sijamwona mtu. Tok tok, halafu tok. Ukuta unaotenganisha chumba changu na cha dada yangu ni wa mbao nyembamba zilizopakwa rangi ya maziwa, na mtu akiugonga upande ule, kijiko kilicho ndani ya kikombe changu upande huu hulia. Kijiko kikalia. Nikaacha kuandika.

"Uko?" akauliza.

"Niko."

"Unafanya nini?"

"Naandika."

"Mbona husikiki?"

"Kuandika hakuna sauti, dada."

Nikasikia malapa yake yakielekea jikoni, birika likijazwa maji, redio ikiongezwa sauti. Ilikuwa ile saa ya asubuhi ambapo wasikilizaji hutuma salamu, na mtu mmoja wa Kimumu alikuwa anawasalimu shemeji zake wote mmoja mmoja. Nikarudi kwenye sentensi yangu. Ilikuwa sentensi kuhusu mvua na nilikuwa naipenda. Kabla sijaifikisha mahali pa kuweka nukta, kidole kikarudi.

"Uko?"

Nilifungua mlango nikamkuta amesimama nje, kikombe cha chai mkononi, sweta ya kazi juu ya gauni la kulalia. Hakuwa anahitaji chochote. Aliniangalia kifuani, si usoni, vile mtu huangalia sufuria kuona kama maziwa yameanza kupanda. Alikuwa anahakikisha kwamba napumua.

Mimi ndiye niliyekuja kuishi kwake. Nilipomaliza chuo na kutangaza nyumbani kwamba naandika riwaya, mama aliuliza riwaya huvunwa mwezi gani. Mama ni mkulima wa Moi's Bridge na hakuwa anatania. Dada peke yake ndiye aliyesema, "Njoo Kapsoya, hapa Eldoret. Nyumba ina vyumba viwili na mimi sishindi ndani. Utaandika mpaka uchoke. Huku kwangu ni kimya." Alilitamka neno hilo kwa fahari, kama mtu anayesifia maji ya kisima chake.

Na kweli palikuwa kimya. Kelele pekee ya mchana ilikuwa kinu cha kusaga mahindi karibu na geti, na hicho ukikizoea hukisikii tena. Dada yangu ni mhudumu wa ambulensi, yule anayekaa nyuma na mgonjwa wakati dereva anatafuta njia. Alikuwa akitoka kazini anaingia bila kelele, anakula amesimama kando ya meko, analala. Viatu vyake alivipanga mlangoni vikiangalia nje. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mguu ukikosa kiatu mara moja ndiyo mwanzo wa kuchelewa, na akasema hivyo hata siku zake za mapumziko, wakati hakuna mtu ambaye angemwita.

Jumamosi mimi na wenzangu tunaoandika hukutana katika chumba kilicho nyuma ya duka moja la vitabu mjini. Tunasomeana, tunagombana juu ya vivumishi, tunarudi nyumbani tukiwa tumependa dunia nzima. Walipojua kazi ya dada yangu, macho yaliwang'aa. "Wewe umelalia mgodi," mmoja aliniambia. "Muulize, andika."

Nilimuuliza. Alinipa hadithi za kuchekesha tu. Mzee aliyekataa kulazwa kwenye machela mpaka kwanza mbuzi wake wafungwe. Mama aliyevunjika mkono lakini akataka abadilishe gauni, maana hospitali ya mjini si mahali pa kuingia na leso ya jikoni. Mwanaume aliyefukuzwa na bata bukini wake mwenyewe hadi akaanguka mtaroni. Nilipozitaka zile nyingine, alitikisa kichwa.

"Hizo zinabaki kwa gari," alisema.

Nilidhani ni msemo. Niliuandika mahali, nikausahau.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, hadithi za kuchekesha zikaisha. Badala yake zikaja kelele. Alinunua redio ya pili akaiweka chumbani kwake, na zote mbili zikawa zinaongea kwa pamoja, moja Kiswahili, moja Kikalenjin, kama wazee wawili kwenye harusi ambao hakuna anayemsikiliza mwenzake. Televisheni iliwaka hata kama hakuna anayetazama. Siku za mvua kubwa ndizo zilizokuwa nzuri kwake. Mvua ya Eldoret ikiamua kupiga mabati, huwezi kusikia wazo lako mwenyewe, na yeye alikuwa akikaa kwenye kochi, miguu juu, uso umelegea, akinywa chai kama binadamu wengine. Mvua ikikatika, anainuka. Anafungua friji, anafunga. Anaenda dirishani. Kisha kidole ukutani.

Ndipo siku moja akarudi kazini adhuhuri, saa ambayo si yake. Alisimama kwenye sinki akifungulia maji bila kuosha chochote.

"Nimepiga mzee kofi," alisema.

"Mzee gani?"

"Mgonjwa. Amevunjika mguu tu, hana kingine. Tuko njiani, namwongelesha, ananijibu vizuri, ananiambia habari ya ng'ombe wake. Halafu akafumba macho akanyamaza. Nikamwita. Mzee. Mzee. Kimya. Nikampiga."

"Alikuwa amezirai?"

"Alikuwa anaomba."

Nilicheka kabla sijajizuia, na yeye akacheka pia, lakini kicheko chake kilipotea njia katikati, akabaki ameshika ukingo wa sinki.

"Aki ya Mungu, alisema amina," akaongeza. "Shavu limevimba, na bado alimalizia amina."

Msimamizi wake hakumgombeza. Alimpa likizo, akampa nambari ya simu ya mshauri, mama mmoja anayezungumza na watu wa kazi kama hizo, akamwambia atulize akili. Jumatatu likizo itakapoisha, aje aseme kama anarudi garini au ahamishiwe stoo ya dawa, ambako kazi ni kupanga bandeji na kuangalia chupa zipi zimepitwa na tarehe. Nilimuuliza stoo iko aje.

"Haina dirisha," alisema. "Ukifunga mlango husikii kitu."

Alilipenda gari lile. Naweza kusema hivyo bila kuogopa kuongeza chumvi. Alijua kila kitu kilipo ndani yake kama mtu anavyojua jikoni kwake gizani. Lakini mtu hawezi kurudi kwenye kazi ambayo wagonjwa hufumba macho kila siku, wengine kwa maumivu, wengine kwa usingizi, wengine kwa Mungu, ikiwa kila anayenyamaza anamfanya ainue mkono. Hilo alilijua pia. Nambari ya mshauri aliibandika kwenye friji chini ya sumaku ya umbo la nanasi, na hapo ikakaa.

"Mpigie," nilimwambia.

"Nitamwambia nini? Kwamba sipendi watu wakinyamaza? Si atanyamaza anisikilize. Ndiyo kazi yao."

Likizo ilimfanya awe vibaya zaidi. Kazini alikuwa na king'ora, alikuwa na redio ya gari, alikuwa na watu wanaolia. Nyumbani alikuwa na mimi, mtu ambaye kazi yake ni kukaa kimya kwa saa nyingi. Nilijaribu kumsaidia. Nilianza kusoma kwa sauti nilichokuwa naandika, na kwa hilo nikagundua kurasa nyingi hazistahili kusomwa. Nilijifunza kuimba nikiosha vyombo. Nilipokuwa bafuni nilikohoa mara kwa mara, kama mzee anayeingia boma la watu usiku na anataka ajulikane kwamba si mwizi.

Mama naye hakusalimika. Dada alimpigia simu kila siku baada ya chakula cha mchana, na hakutaka ikatwe. Niliweza kumsikia mama kutoka kwenye spika, sauti yake ikipanda juu ya kuku.

"Sasa nikuambie nini tena? Nimekuambia habari ya mahindi. Nimekuambia habari ya jirani."

"Ongea tu, mama."

"Kuku wanakula. Ng'ombe amesimama. Sasa amelala. Wewe, kwani huna kazi?"

"Niko likizo."

"Na likizo ni ya kuangaliziwa ng'ombe kwa simu?" Mama akanyamaza kidogo. Nikaona mkono wa dada ukikaza simu. "Haya," mama akasema, "hata yule paka amekuja. Paka ana masikio mawili."

Katikati ya wiki, stima ikapotea. Si jambo la ajabu Kapsoya, lakini ilipotea saa ya mchana ambapo kila kitu kilikuwa kinanguruma. Redio zote mbili zikafa, televisheni ikafa, friji ikatoa ule mkoromo wake wa mwisho, na kule nje kinu cha kusaga mahindi kikashuka, kikashuka, kikasimama. Sikuwa najua ukubwa wa kelele tuliyokuwa tunaishi ndani yake mpaka ikaondolewa. Nilikuwa nimeegemea ukuta, macho nimefumba, natafuta neno.

Hakugonga. Mlango wangu ulifunguka ukagonga kabati, na kabla sijasema lolote vidole vyake vilikuwa vimeshika shingo yangu kando ya koo, vikali, vya baridi, na mkono wake wa pili umenipanua jicho. Uso wake ulikuwa karibu sana na wangu na haukunijua. Naapa haukunijua. Ulikuwa uso wa kazi, uso ambao kwa mara ya kwanza niliuona vile wagonjwa wanavyouona, na nikaelewa kwa nini watu humtii.

"Dada," nilisema. "Ni stima. Stima imepotea."

Aliendelea kushika mpaka alipopata alichokuwa anatafuta. Kisha akakaa kitandani kwangu, juu ya karatasi zangu.

"Ulikuwa umenyamaza," alisema.

"Mimi hunyamaza. Ndivyo nilivyo."

"Tunafundishwa hivyo. Ukifika mahali watu wameumia, wote wanalia, wanakuita, wanavuta nguo yako. Usiende kwa anayelia. Anayelia ana pumzi. Tafuta aliyenyamaza, huyo ndiye wa kwanza." Alisema maneno hayo haraka, bila mkazo, vile mtoto husema jedwali la kuzidisha. "Na mimi nilifanya hivyo. Nilifanya vile vile tulivyofundishwa."

Nikangoja. Nilidhani sasa itakuja, ile hadithi nyingine. Lakini stima ikarudi, kinu kikaanza kupanda taratibu kutoka chini ya koo lake, redio zikabweka zote mbili, na dada yangu akasimama akaenda kuongeza sauti.

Jumamosi sikwenda kwa wenzangu. Niliogopa kumwacha. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za mlango tukichambua sukuma wiki, yeye akiongea juu ya chochote kilichopita getini, wakati gari dogo jeupe lilipoingia likipiga honi. Ninasema jeupe kwa kukisia. Lilikuwa na tope jekundu hadi kwenye vioo, na ndani yake kitu kilikuwa kimefanya uchafu mkubwa.

Aliyeshuka alikuwa dereva wao wa ambulensi, mwanaume mnene mwenye kofia ya sufu, mtu ambaye watu wake walitoka Nyeri zamani wakafungua duka Kimumu, naye akaamua duka linakalisha mtu mno. Nilikuwa nimemwona mara moja tu. Amefanya kazi na dada yangu tangu dada yangu aanze.

"Daktari," alisema.

"Mzee, mimi si daktari."

"Na mimi si mzee, lakini nimekubali." Akanigeukia. "Huyu ndiye mwandishi? Mbona ni mwembamba hivi? Kwani vitabu havina mafuta?"

"Karibu chai," nilisema.

"Chai baadaye. Nimekuja kuoshewa gari."

Dada yangu aliacha kuchambua mboga. "Kimumu hakuna maji?"

"Yako."

"Basi?"

"Basi nimeendesha na tope kutoka huko mpaka hapa, watu wananicheka, na nimebeba kuku wa mama watoto kwa kiti cha nyuma makusudi ili lichafuke na ndani. Ukisema hapana nitarudi nalo hivyo hivyo."

Nilifikiri ni utani wa watu wa kazi moja. Lakini dada yangu hakucheka. Aliliangalia lile gari muda mrefu, halafu akavua malapa, akakunja suruali hadi magotini, akaenda nyuma ya nyumba kuleta ndoo na brashi.

Dereva ndiye aliyenieleza, huku tukijaza mitungi kwenye tangi. Gari lao likirudi kutoka kwa kazi mbaya, haliendi popote mpaka lioshwe, na halioshwi na mtu mwingine ila wawili waliokuwa ndani yake. Mmoja anaingia ndani na dawa ya kuua viini, mwingine anabaki nje na brashi. Aliye ndani anasema alichofanya. Hasemi alivyojisikia, anasema alichofanya, mkono huu ulishika nini, mguu ulikanyaga wapi. Aliye nje anaendelea kusugua, na hajibu neno. Halafu wanabadilishana. Gari likikauka, yaliyosemwa yamebaki humo.

"Nani aliwafundisha?" niliuliza.

"Hakuna. Tuliwakuta wakubwa wetu wakifanya." Akainua mtungi. "Siku ile hatukuosha."

"Siku gani?"

"Leta maji, mwandishi."

Dada yangu alikuwa ameshaingia kiti cha nyuma, amepiga magoti, akikwangua mavi ya kuku kwenye kitambaa cha kiti. Dereva alichukua upande wa mlango wa mbele. Mimi nilikuwa mtu wa maji. Nilimwaga, nikarudi tangini, nikamwaga. Hakuna aliyeniambia niondoke, kwa hiyo nilisikia kila kitu, na mwaka huu huu, baada ya kuiandika hadithi hii, nilimsomea dada kwanza, akabadilisha maneno mawili, akasema sasa ni sawa.

"Pickup ilikuwa imelala ubavu kwa kona," dada alisema kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Kabichi zimemwagika barabara yote. Nilikanyaga moja nikateleza. Watu wawili chini. Kijana kwa nyasi, amelala, hasemi. Na mama mzee ameketi, ameegemea ua wa michongoma, ameshika tumbo, analia. Analia kwa nguvu. Anaita watu wake jina kwa jina. Nikasema, huyu ana pumzi. Nikaenda kwa kijana."

Brashi ya dereva ilienda juu, ikashuka.

"Nilishika shingo yake. Nikaangalia macho. Alikuwa amegonga kichwa, pumzi iko, moyo uko. Nikamfunga. Na wakati huo wote namsikia mama nyuma yangu. Namsikia. Namsikia. Halafu simsikii." Nikasikia kitambaa kikikamuliwa ndani ya ndoo. "Nilisema moyoni, afadhali ametulia. Nilifurahi. Nikamalizia kufunga fundo, nikalifunga vizuri. Nilipogeuka alikuwa amekaa vile vile, mgongo kwa michongoma. Nilienda. Nilimlaza. Nilimkandamiza kifua mpaka mikono ikakataa. Damu ilikuwa imeisha ndani kwa ndani, nje hakuna hata tone. Kijana alitoka hospitali akitembea. Labda ningeenda kwa mama kwanza bado angekufa. Labda hapana. Nimemaliza."

Dereva alisugua tairi lile lile hadi likawa jeusi kama jipya.

Wakabadilishana. Haikuwa rahisi, maana dereva ni mnene na kiti cha nyuma ni kidogo, na alipoingia gari zima lilishuka upande mmoja. Dada yangu alichukua brashi. Nilimwona uso sasa. Ulikuwa umechoka tu.

"Mimi nilikuwa naleta machela," dereva alianza. "Nimeibeba peke yangu, kabichi zinaniteleza chini ya miguu. Nikampita yule mama. Alikuwa analia mpaka mimi sikusikia daktari akiniita. Nikasimama hapo mbele yake. Nikamwambia, mama, tulia. Wacha kelele, daktari hawezi kufanya kazi na hii kelele. Akaniangalia. Akasema, haya baba. Akanyamaza."

Brashi ya dada yangu ilisimama juu ya kioo.

"Mimi ndiye nilimnyamazisha," alisema dereva. "Kama angelia, ungesikia vile kilio kinaenda kikipungua. Ungegeuka. Nilikuondolea hiyo. Na baada ya hapo simu ikaja, yule wa kujifungua Kimumu, tukamwaga maji kwa sakafu tu tukaenda, mtoto akazaliwa tukiwa njiani, wote wakasema hongera, hongera. Sikupata mahali pa kukuambia." Alipumua. "Tangu siku hiyo nyumbani kwangu siwezi kumwambia mtu anyamaze. Neno halitoki. Wajukuu wameshajua. Wanapiga masufuria, wanapanda meza, wanaimba nikila. Mama watoto anasema, si uwaambie. Nafungua mdomo, nafunga. Ile nyumba imekuwa soko. Nimemaliza."

Nilitaka dada yangu aseme kitu. Nilitaka aweke ndoo chini, azunguke, amshike mkono, kwa sababu ndivyo ningeandika mimi. Lakini aliye nje hajibu. Alisimama na brashi mkononi, maji yakimtiririka hadi kwenye kiwiko. Kinu cha kusaga kilikuwa kimefungwa, kama Jumamosi zote baada ya saa sita. Redio zilikuwa ndani, mbali, na pale tulipokuwa hazikusikika. Dereva amenyamaza ndani ya gari. Mimi nimenyamaza kando ya tangi. Palikuwa kimya kabisa, kimya kile alichonisifia siku aliponikaribisha, na dada yangu alikuwa amesimama katikati yake, akipumua kwa mdomo, na hakumwita mtu yeyote. Nikaona akiuangalia mkono wake. Halafu akairudisha brashi kwenye kioo, akasugua, kwanza polepole.

Walipomaliza, dada alichukua ndoo ya mwisho akaimwaga juu ya paa, na dereva, ambaye hakuwa amefunga dirisha, akapiga ukelele ndani.

"Daktari, kuna mtu huku."

"Nilidhani umelala, Mzee."

"Nilikuwa naangalia. Hawa kuku wamechafua hadi juu. Kuku anafikaje juu?"

Alikunywa chai vikombe vingi, akala mandazi yetu yote, akaniuliza kama ndani ya riwaya yangu kuna dereva, nikamwambia hapana, akasema basi ndiyo sababu haifiki. Kabla ya kuondoka alimuuliza dada yangu kuhusu Jumatatu. Dada alisema hajui. Alisema stoo haimtishi kama juzi, lakini na yeye mwenyewe pia hajiamini, kwamba kuosha gari moja la kuku si dawa.

"Si dawa," dereva alikubali. "Mimi nikirudi jioni hii bado watapiga masufuria."

Kisha dada yangu akaangalia mlango wa friji.

"Yule mama wa ushauri," alisema, "anaruhusu watu wawili?"

"Akikataa mimi nitakaa nje nisugue kitu."

Jumapili alasiri alilala. Alilala na mlango wazi, redio zote zimezimwa, na mimi nilipata ule ukimya niliokuwa nimeulilia kwa wiki nyingi. Nilikaa mbele ya karatasi. Nikasikia saa ya ukutani. Nikasikia mbwa wa mbali. Sikuweza kuandika hata mstari. Nilianza kufikiria vile alivyokuwa amelala, kama kifua kinapanda, na nikajizuia, na nikashindwa. Nikainua kidole, nikagonga ukuta, tok tok, halafu tok.

"Uko?" niliuliza.

"Niko," alisema kwa sauti ya usingizi. "Wacha nilale."

Jumatatu nilimkuta jikoni ameshavaa. Buti zilikuwa mlangoni zikiangalia nje. Alikuwa anabandua ile nambari kutoka kwenye friji, na ile sumaku ya nanasi akairudisha peke yake. Alikunja karatasi akaitia mfuko wa kifuani, akafunga kifungo.

"Nimeamua vile nitamwambia msimamizi," alisema. "Sikia kama ni sawa, wewe ndiye mtu wa maneno. Nitaenda kwa mshauri kwanza, mimi na Mzee. Halafu narudi garini, lakini gari likitoka kwa kazi mbaya lisitumwe tena kabla halijaoshwa. Hata simu ikija. Watume lingine."

"Na kama hakuna lingine?"

"Hapo ndipo atanishika." Alikaa kwenye kigoda akavaa buti moja. "Mara nyingi hakuna lingine."

"Sasa utajibu nini?"

"Sijui. Nitamwambia tutaoshea njiani. Nitamwambia anipe hata muda wa ndoo moja." Akavaa buti ya pili. "Akikataa, anipeleke stoo, na kila asubuhi nitatoka stoo nimwambie tena."

Nilimpa sweta. Alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, na nikajua anasikiliza nyumba. Kinu kilikuwa bado hakijaanza. Hakuna redio, hakuna mvua. Nilishika kikombe changu kwa mikono miwili ili kijiko kisilie, nikangoja aulize kama niko, jibu limeshakaa kwenye ulimi. Midomo yake ilifunguka. Aliniangalia kifuani, halafu akainua macho akaniangalia usoni. Kisha akaokota mkoba wake, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.